Maua ya kitambaa ya Japani: Hariri ni rahisi, muda ndio ghali

KIPANDE cha hariri chenye sentimeta mbili kwa mbili hakitoshi hata kufutia miwani. Fundi cherehani akikiona chini ya meza yake hukifagia pamoja na nyuzi na vumbi. Nchini Japani, hata hivyo, vipande kama hivyo vikikunjwa kimoja kimoja kwa kibano na kupangwa vikawa ua, ndivyo vinavyopamba nywele za binti siku anapovaa kimono kwa sherehe, na wazazi hufungua pochi ili wavipate.

Kazi hiyo huitwa tsumami zaiku, yaani kazi ya mikono ya kubana, kwa kuwa kila petali huundwa kwa kubana kitambaa. Pambo lenyewe la nywele huitwa kanzashi. Kazi hii ilishamiri katika enzi ya Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, na leo imo katika orodha ya kazi za mikono za jadi zinazotambuliwa na Serikali ya Jiji la Tokyo.

Kwa haraka haraka, habari za maua ya nywele zinaweza kuonekana hazimhusu mkulima wala mwenye genge. Lakini ukizichambua kihesabu, hii ni biashara ya ukoo mmoja na kusuka ukili au kufuma vikapu. Malighafi ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa ni saa anazokaa mtu akiwa ameinama, na saa hizo ndizo wauzaji wengi husahau kuziweka kwenye bei. Kosa hilo likirudiwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, linaweza kumtoa sokoni hata fundi mwenye miaka 40 kazini.

Kukunja na kuezeka

Malighafi ya asili ni hariri nyepesi na laini iitwayo habutae. Hukatwa miraba midogo na kupakwa rangi inayotakiwa. Wapo mafundi wanaopaka kwa kufifisha, ili petali iwe imekolea upande mmoja na kupauka kuelekea upande wa pili, kama ua la kweli lilivyo.

Mikunjo ya msingi ni miwili tu. Mmoja hutoa petali ya mviringo, mwingine hutoa petali iliyochongoka. Yote huanza sawa: mraba hukunjwa kona kwa kona ukawa pembetatu, kisha pembetatu hiyo hukunjwa tena ikawa ndogo zaidi. Hapo ndipo njia zinapoachana. Anayetaka petali iliyochongoka huikunja mara ya tatu katikati. Anayetaka ya mviringo huzirudisha ncha mbili nyuma, na kitambaa hujitanua chenyewe kikawa kama kikombe kidogo.

Petali tano za mviringo zikikutana ni ua la mplamu. Petali nyingi zilizochongoka, tabaka juu ya tabaka, ni ua la krisanthemumu. Zikiunganishwa katika nyuzi na kuachwa zining'inie, ni wisteria. Kwa mikunjo hiyo miwili fundi anaweza kutengeneza bustani nzima, na hata ndege aina ya korongo.

Petali ikishakunjwa huwekwa juu ya ubao uliopakwa gundi. Gundi ya asili ni wanga wa mchele uliokandwa kwa mwiko hadi ukawa laini bila hata dongekoto moja. Petali ikikaa kidogo mno ubaoni haitashika. Ikikaa mno, kitambaa kinalowa na kuacha doa. Hakuna saa ya ukutani inayomwambia fundi wakati wa kuinyanyua, kwa sababu siku ya mvua na siku ya kiangazi hazilingani.

Baada ya hapo petali hupangwa juu ya kitako cha karatasi ngumu chenye mguu wa waya. Kazi hiyo ya kupanga mafundi wa Japani huiita kwa neno lile lile wanalolitumia kwa kuezeka paa. Aliyewahi kuezeka nyumba kwa makuti ataelewa mara moja kwa nini: safu ya kwanza ikienda upande, zote zinazofuata zitaenda upande.

Uzuri wa gundi ya mchele ni kwamba haikauki upesi. Fundi ana nafasi ya kusogeza petali kwa ncha ya kibano mpaka ua likae sawa. Ubaya wake ni maji. Manyunyu ya mvua yanaweza kulilegeza ua zima. Lakini ubaya huo huo una mlango wa riziki, kwa sababu ua linalolegea kwa maji ni ua linaloweza kufunguliwa, likabadilishwa petali zilizochakaa na kurudishwa kwa mwenyewe. Ua lililogandishwa kwa gundi ya kisasa likiharibika, mara nyingi limeharibika.

Wengi wanaojifunza siku hizi hutumia pamba au hariri ya kukunyata, na gundi nyeupe ya viwandani. Ni rahisi zaidi, haimwogopi mtu wa kuanza, na kwa bruchi ya kubandika kwenye koti inafaa kabisa.

Vifukofuko vitatu au vinne

Wakulima watauliza hariri hiyo inatoka wapi. Zamani ilitoka mlango wa pili. Mwaka 1872 Serikali ya Japani ilifungua kiwanda cha kusokota hariri cha Tomioka, katika mkoa wa Gunma, kwa kutumia mitambo na utaalamu kutoka Ufaransa. Kufikia mwaka 1929 kaya zipatazo milioni 2.2 za wakulima, karibu mbili katika kila tano, zilikuwa zikifuga viwavi wa hariri na kuvilisha majani ya mforosadi. Sehemu kubwa ya uzi ilikwenda Marekani, ambako ilitengenezwa soksi za akina mama.

Kisha nailoni ikaja. Soksi za nailoni ziliingia madukani Marekani mwaka 1940, vita vikafuata, na baada ya vita hariri ya China ikawa rahisi zaidi. Kiwanda cha Tomioka kilifungwa mwaka 1987, na tangu mwaka 2014 kimekuwa Urithi wa Dunia ambao watalii hulipa kiingilio kuuona. Kaya zinazofuga viwavi nchini humo sasa hazifiki 200. Hariri ya nyumbani ni chini ya asilimia moja ya hariri inayotumika huko, na uzi mwingi unatoka China na Brazil.

Je, biashara ya maua ya kitambaa inaweza kumwinua tena mkulima huyo? Hesabu inakataa. Hariri nyepesi yenye uzito wa gramu 20 kwa mita ya mraba, ikikatwa vipande 100 vya sentimeta mbili kwa mbili, haifiki gramu moja. Ni gramu 0.8 tu. Uzi huo unaweza kutoka katika vifukofuko vitatu au vinne vya viwavi. Pambo kamili la nywele, linaloweza kumkalisha fundi nusu siku, limemnunulia mkulima vifukofuko visivyojaa kiganja.

Kwa hiyo hata bei ya vifukofuko ikipanda mara mbili, mnunuzi wa ua hatahisi chochote. Na hata maua yakiuzwa mara mbili ya sasa, mkulima naye hatahisi chochote. Wote wako katika mnyororo mmoja wa thamani, lakini pete zao hazivutani. Jambo hili linafaa kukumbukwa hata Afrika Mashariki, ambako kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe chenye makao yake Nairobi kimewafundisha wakulima ufugaji wa viwavi wa hariri kwa miaka mingi. Soko la mfugaji wa viwavi ni mita nyingi za nguo. Urembo mdogo mdogo ni soko la mwenye mikono.

Kalenda ndiyo bosi

Huko Kyoto, mabinti wanaojifunza kazi ya ugeisha, waitwao maiko, hubadili maua ya nywele kila mwezi. Februari ni ua la mplamu, Aprili ni cheri, Mei ni wisteria, Oktoba ni krisanthemumu na Novemba ni majani mekundu ya mepo. Kwa mgeni picha zao ndizo zinazotangaza kazi hii dunia nzima. Lakini maiko wote wa Kyoto hawafiki 100. Ni wateja wazuri, wenye macho makali na wasiokubali kazi mbovu, ila hawawezi kulisha nchi nzima ya mafundi.

Soko kubwa liko kwa familia za kawaida, nalo limefungwa kwenye tarehe. Novemba 15 ni sherehe ya Shichi-Go-San, maana yake saba, tano na tatu, ambapo wasichana wa miaka mitatu na saba hupelekwa hekaluni wakiwa wamevaa kimono. Jumatatu ya pili ya Januari ni Siku ya Utu Uzima, na binti wa miaka 20 huvaa kimono cha mikono mirefu kinachoitwa furisode. Hadi mwaka 1999 siku hiyo ilikuwa Januari 15, ikahamishwa kuanzia mwaka 2000. Machi kuna mahafali. Harusi hutawanyika katika mwaka.

Mkulima wa nyanya anajua maana ya jambo hilo. Mali yote inataka kufika sokoni wiki moja, na aliyechelewa kwa siku tatu amebaki na mzigo. Tofauti ni kwamba ua la hariri halioni kuoza, lakini fedha iliyolala ndani yake imelala mpaka msimu mwingine.

Hatari ya kutegemea tarehe moja ilionekana waziwazi Januari 2021. Siku nne kabla ya Siku ya Utu Uzima, Serikali ilitangaza hali ya dharura kwa ajili ya korona katika Tokyo na mikoa ya jirani, na serikali za mitaa nyingi zikaahirisha au kufuta sherehe. Mwaka uliofuata ikaja hofu nyingine. Kuanzia Aprili 2022 sheria iliteremsha umri wa mtu mzima kutoka miaka 20 hadi 18. Wafanyabiashara wa kimono waliogopa kwamba sherehe nayo ingeshuka, kwa sababu Januari ya mwaka wa 18 kijana wa Kijapani anakuwa kwenye mitihani ya kuingia chuo kikuu, na hakuna mama anayemtoa mwanawe kwenye vitabu ili akapambwe nywele. Bahati nzuri kwao, sehemu kubwa ya serikali za mitaa zimebaki na sherehe ya miaka 20.

Kuna hatari nyingine ambayo haina tangazo la Serikali. Mwaka 2016 watoto waliozaliwa Japani walipungua chini ya milioni moja kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 walikuwa takriban 686,000. Wasichana wa mwaka huo watatimiza miaka mitatu mwaka 2027, saba mwaka 2031 na 20 mwaka 2044. Kwa lugha ya sokoni, oda za miaka 20 ijayo zimekwisha kuhesabiwa wodini, na ni pungufu.

Biashara kichaa

Kwa muda mrefu fundi wa Tokyo hakumwona mteja wake. Alipeleka kazi kwa mfanyabiashara wa jumla, naye akasambaza madukani, na fundi akalipwa kwa kipande. Mpango huo ulikuwa na faida moja: fundi hakuhangaika na soko. Ulikuwa pia na hasara ambayo wakulima wa pamba na korosho wanaifahamu vizuri, kwamba anayekaa katikati ndiye anayejua bei za pande zote mbili. Ujira wa kipande haukuwavuta vijana kukaa miaka wakijifunza, na mafundi wa kazi hiyo wakazidi kupungua.

Kuanzia miaka ya 2010 mambo yalibadilika kwa kasi. Masoko ya mtandaoni ya kazi za mikono yalizaliwa, likiwamo Creema mwaka 2010 na minne mwaka 2012. Mama aliye nyumbani na mtoto mchanga anaweza kununua vitambaa katika duka la bidhaa za yeni 100, akajifunza kwa kitabu au video, akapiga picha ya ua lake dirishani na kulitangaza nchi nzima jioni hiyo hiyo. Asakusabashi, mtaa wa Tokyo unaojulikana kwa shanga, nyaya na vifaa vya mapambo, na mtaa wa vitambaa wa Nippori, ikapata wateja wapya wanaonunua kidogo kidogo.

Hilo liliiokoa kazi isisahauliwe. Lakini liliingiza sokoni watu wengi ambao hawahesabu muda wao.

Chukua mfano wa pambo moja la sherehe. Lina ua kubwa la krisanthemumu la petali 60, maua matatu madogo ya petali tano tano, na nyuzi tatu zinazoning'inia zenye petali nane kila mmoja. Jumla ni petali 99. Mtu aliyezoea akitumia dakika moja na ushee kwa kila petali, kuanzia kukunja hadi kupanga, ni zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Ongeza kukata vitambaa, kutengeneza vitako, kufunga nyaya, kuweka katikati ya ua na kufungasha. Saa tatu zimekwisha, na hapo hakuna petali iliyoharibika.

Kima cha chini cha mshahara katika Tokyo, kwa kiwango kilichoanza Oktoba 2025, ni yeni 1,226 kwa saa, takriban dola nane za Marekani. Hicho ndicho analipwa kijana asiye na ujuzi anayepanga bidhaa dukani. Saa tatu ni yeni 3,678. Weka vifaa yeni 600 na sanduku la kufungashia yeni 200, unapata yeni 4,478. Soko la mtandaoni hukata kamisheni ya karibu asilimia 10. Ili mtengenezaji abaki na yeni 4,478 baada ya makato, bei lazima iwe yeni 4,976 hivi. Na hapo hajapata faida hata senti moja. Amejilipa tu kama kibarua.

Sasa mwenzake mwenye mapenzi na kazi anaandika bei ya yeni 2,500, kwa sababu aliona mwingine ameandika yeni 2,600. Kamisheni inachukua 250. Vifaa na sanduku vinachukua 800. Anabaki na yeni 1,450 kwa saa tatu, sawa na yeni 483 kwa saa. Hiyo ni chini ya asilimia 40 ya kima cha chini. Mitaani biashara ya namna hii inaitwa biashara kichaa.

Yeye mwenyewe huenda haoni hasara. Mume au mke ana mshahara, kodi ya nyumba inalipwa, na hizo 1,450 anaziona ni fedha ya ziada. Anayeumia ni yule ambaye kodi ya nyumba inatoka kwenye maua. Mteja akiona picha mbili zinazofanana kwenye simu, moja ya yeni 2,500 na nyingine ya yeni 9,000, hawezi kuona kwamba ya pili imetengenezwa kwa hariri iliyopakwa rangi kwa mkono na kwamba ikilowa itarudishwa na kutengenezwa upya. Anaona maua mawili mekundu.

Inafaa kusema wazi kwamba si kila bei ya chini ni dhambi. Anayeanza ambaye petali zake bado zimepinda hawezi kudai bei ya fundi, na kuuza kwa bei ya kujifunzia ni njia mojawapo ya kulipa ada. Tatizo ni kubaki kwenye bei hiyo mwaka wa pili na wa tatu, mikono ikiwa imekwisha kunyooka.

Wanaoendelea kula kwa maua

Wenye kudumu wana mbinu zao, na karibu zote zinahusu muda.

Ya kwanza ni kutengeneza kwa mkupuo. Hakati kitambaa cha ua moja, anakata vipande 500 kwa siku moja. Anakunja petali za rangi moja asubuhi nzima. Mkono ukishazoea mkunjo mmoja huongeza kasi, na kila kubadili rangi, ukubwa au mkunjo ni dakika zilizopotea. Mama lishe anayekata vitunguu vya siku nzima kabla ya alfajiri anafuata kanuni hiyo hiyo.

Ya pili ni kuachana na ushindani wa picha. Mteja hutuma picha ya kimono cha binti yake, na fundi hulinganisha rangi za maua na mkanda na mikono ya nguo. Kazi ya oda haina mwenzake wa kulinganishwa bei. Ina masharti, hata hivyo: malipo ya awali na muda wa kutosha, kwani kimono cha Siku ya Utu Uzima huchaguliwa mwaka mmoja au miwili kabla. Na imani ni kitu chepesi katika biashara ya sherehe. Januari 8, 2018, siku yenyewe ya sherehe, kampuni moja ya kimono ya Yokohama ilifunga milango ghafla na mamia ya mabinti waliokwisha kulipa wakakosa mavazi. Ni rahisi kuelewa kwa nini mama wa binti huuliza maswali mengi kabla ya kutuma fedha.

Ya tatu ni vitu vidogo vya kila siku. Hereni yenye maua mawili ya petali tano, bruchi, kibanio cha nywele za mtoto wa shule. Hivi havingoji Novemba, huvaliwa na suruali, na mtalii anaweza kuvitia mfukoni. Petali kumi kwa jozi ya hereni ni kazi ya nusu saa pamoja na kufunga, na watu hawalinganishi bei ya hereni na idadi ya petali. Kwa saa moja ya kazi, vitu hivi mara nyingi humlipa mtengenezaji vizuri kuliko pambo kubwa, ingawa pambo kubwa ndilo linalompa sifa.

Halafu kuna kufundisha. Anayefundisha wanafunzi kumi kwa pamoja ameiuza saa moja mara kumi, na akiwauzia pakiti zenye vitambaa vilivyokatwa tayari, waya na karatasi ya maelekezo, ameuza mara ya kumi na moja. Wapo wanaolalamika kwamba mwalimu anazalisha washindani. Ni kweli, lakini wengi wa wanafunzi hao hutengeneza ua moja, wakaona lilivyowatoa jasho, na kuanzia siku hiyo hawaulizi tena kwa nini ua la fundi ni ghali.

Kodi nayo imeingia mlangoni. Japani inatoza kodi ya matumizi ya asilimia 10, na mwenye mauzo yasiyozidi yeni milioni 10 kwa mwaka kwa kawaida alikuwa hailipi. Tangu Oktoba 1, 2023, duka linalonunua kwa mtu asiyesajiliwa haliruhusiwi kukata kodi hiyo yote katika hesabu zake. Matokeo ni kwamba fundi mdogo anayepeleka maua dukani, hata kwa mali kauli, anaweza kujikuta akitakiwa kuchagua: asajiliwe na kuanza kulipa kodi, au apunguziwe bei. Anayemuuzia mvaaji moja kwa moja hakuguswa, kwa sababu mvaaji hana hesabu za kodi za kukata. Ni sababu nyingine inayowasukuma watengenezaji kuuza wenyewe.

Utepe wa satini na kiberiti

Nje ya Japani neno kanzashi limebadilika maana. Nchini Urusi na Ukraine limekuwa jina la maua yenyewe, na yanatengenezwa kwa utepe wa satini wa viwandani. Utepe hukatwa miraba ya sentimeta tano hivi, hukunjwa, kisha kingo zake huunguzwa kidogo kwa mshumaa au kiberiti cha gesi ili nyuzi ziyeyuke na kushikana, na maua hubandikwa kwa gundi ya moto. Hakuna wanga wa mchele wala kusubiri. Kampuni ya Kijapani ya Clover nayo huuza vibao vya plastiki vya kukunjia petali za kushona kwa sindano, ambavyo vimewafikisha kwenye kazi hii watu wasiowahi kushika kibano.

Satini haiogopi mvua na ni rahisi kupatikana popote penye duka la vifaa vya ushonaji. Lakini kwa kuwa kila mtu anaweza, bei zake ziko chini zaidi. Na moto una adabu yake: petali iliyozidi kuungua huwa na ukingo mweusi ambao hakuna rangi inayouficha.

Wanaouza nje hutumia zaidi soko la Etsy la Marekani. Hilo hutoza senti 20 za dola kuorodhesha bidhaa kwa miezi minne, na tangu Aprili 2022 hukata asilimia 6.5 ya mauzo badala ya asilimia tano. Makato hayo hupigwa hata kwenye nauli ya posta anayotozwa mteja, jambo ambalo wageni hugundua baada ya mauzo ya kwanza. Bado kuna ada ya kupokea malipo.

Faida ya ua ni wepesi wake. Hasara ni kwamba halibanwi. Ua la gramu chache linahitaji sanduku gumu lenye nafasi, na anayetuma kwa bahasha ili kuokoa nauli hutuma chapati.

Kwa miaka kadhaa vifurushi vya namna hiyo viliingia Marekani bila ushuru, mradi thamani haikuzidi dola 800. Msamaha huo ulifutwa kwa nchi zote Agosti 29, 2025, na siku mbili kabla yake posta ya Japani ilisitisha kwa muda kupokea sehemu kubwa ya vifurushi vya bidhaa vya kwenda huko. Mtengenezaji aliyekuwa ameweka bei yake ikitosha vifaa tu hakuwa na nafasi ya kuubeba ushuru huo. Aliyekuwa amehesabu saa zake alikuwa na mahali pa kupunguza, au pa kukataa oda.